Mustikeri Juu ya Mashu

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo ni ya kikombe cha bati kikigonga ukuta. Ke-ke-ke-ke, kinanyamaza, halafu tena ke-ke-ke-ke. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua limeshaanza kuuma shingo, na mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya nyumba, vidole vimejaa udongo, ninang'oa miche ya mashu, yaani kabichi, kwenye kitalu cha pepinyeri niihamishie kwenye tuta. Nilifikiri jirani anatwanga kitu. Halafu nikafikiri ni lori la kwenda Kalundu, maana malori yale yakipita barabarani vyombo vyetu vyote hutetemeka. Hata nikacheka peke yangu: leo lori limekwama mlangoni kwetu! Lakini lori halikupita, na kikombe kikaendelea.

Nilipoingia chumbani nikakuta kitanda cha koko kinatikisika chote. Koko ni mama wa mama yangu. Alikuwa amejikunja kama mtoto mchanga, vitenge vitatu juu yake, na joto lile la Uvira, na meno yake machache yaliyobaki yanagongana. Kikombe chake cha chai alikiweka kila siku kwenye ubao wa kitanda unaogusa ukuta. Kilikuwa kinatetemeka pamoja naye.

"Koko, iko nini?"

"Baridi," akasema. Macho yake yalinipita, yakatazama mlango. "Nimesharudia kule juu, kwetu?"

Nikainua macho. Juu ya kitanda misumari minne ilikuwa bado ukutani, mitupu. Mimi nilijua kile kilichotakiwa kuning'inia pale kiko wapi. Nilikuwa nimetoka kukifunua sasa hivi kwa mikono yangu. Kilikuwa nje, juu ya mashu.

Koko aliteremka kwetu mtaa wa Mulongwe wakati kule milimani hapakukalika tena. Alikuja na kuku mmoja, Biblia isiyokuwa na jalada, na magoti yenye kuuma. Kule kwao ni baridi, asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni, na mbu hawaijui njia. Huku kwetu ni joto la ziwa, na mto ukishafurika unaacha dimbwi katika kila parseli ya nyumba kama mtu anayesahau viatu vyake kwa watu. Koko hakuwa na shida na jambo lolote la huku. Ndagala, dagaa wa ziwa, alizisifu. Kelele za moto, zile pikipiki za barabarani, alizizoea. Shida yake ilikuwa mboga tu. Lengalenga, mchicha wetu, alisema ni majani ya mbuzi. Sombe ya majani ya muhogo alikula kwa kumheshimu mama, anatafuna polepole, anatazama pembeni.

"Minye nataka shu," alisema. "Shu ya kichwa. Ile ukiigonga na kidole inaitika kama mulango."

Mashu ya sokoni yaliyoteremshwa kutoka juu yalikuwa yanafika yamechoka, majani ya nje yamekuwa karatasi. Alikuwa akiyashika, anayarudisha. Ilinichoma moyo. Mimi shule niliachia sekondari mwaka wa pili, sina mengi, lakini ndoto ninazo za kugawia watu. Mama husema nikiona wingu moja tu tayari nimeshavuna. Basi usiku mmoja tu ulitosha: asubuhi niliamka nina bustani nzima kichwani, mashu yamejipanga kama watoto wa shule, koko katikati na kiti chake, anagonga moja moja.

Jirani yetu ni mama kutoka bondeni, anauza mbegu sokoni. Anazipima kwa kifuniko cha chupa. Nilimfuata nikakaa mbele ya mikebe yake.

"Unataka shu ya namna gani?" akaniuliza. "Ya kula ao ya kuonyesha batu?"

"Ya koko."

"Ah! Ya batu ya juu." Akafungua mkebe wa kwanza. "Hii njo yao, kichwa bapa, mukubwa sawa sahani. Lakini inataka baridi, inataka na miezi mingi. Huku itakupatia majani tu. Itakuwa sawa muanamuke mwenye kusukwa nusu, akatoka akakimbia."

Akafungua wa pili. "Hii iko na kichwa cha kuchongoka. Kidogo, lakini mbio. Inafunga mbele ya jua kukasirika."

Kulikuwa na shu ya Shina pia, ya Wachina, ile isiyofunga kichwa kigumu, nayo akasema ikisikia joto inakimbilia maua kama msichana anayesikia ngoma. Mwisho akanionyesha pakiti yenye picha ya kung'aa. "Hii banaitengeneza kwa joto. Itavumilia. Lakini usichunge mbegu yake ya kupanda tena. Mwaka mwengine itakuzalia batoto bote bakikosa kufanana na baba yabo."

Tukacheka mpaka wateja wakageuka. Nilichukua kifuniko kimoja cha kuchongoka, na mbegu chache za pakiti, akanihesabia kama dawa. Halafu nikachukua kifuniko kizima cha kichwa bapa. Jirani akanitazama.

"Nimekuambia nini?"

"Nimesikia, mama. Lakini njo anayoijua."

Kosa la kwanza lilikuwa hilo, kama kupenda kunaweza kuitwa kosa.

Mbegu ziliota vizuri ajabu. Siku ya nne udongo ulikuwa umepasuka, vichwa vidogo vya kijani vimeinama kama vinasali. Siku ya nane nilikuta vijiti. Wadudu weusi wadogo wanaoruka kama viroboto, na funza wa kijani, watoto wa vile vipepeo vyeupe, walikuwa wamekula yote. Nililia kweli. Koko alinicheka: "Unalilia shu? Ukizaa je?"

Jirani akasema, "Funika! Kwetu tunafunikaka pepinyeri na mustikeri."

Mustikeri ni chandarua, kile cha kuzuia mbu. Sisi tulikuwa nacho kimoja kikuukuu juu ya banda la kuku. Nikakitoa, nikakitandika juu ya mbegu mpya. Kilikuwa na matundu ya kupitisha kifaranga. Vipepeo vikaingia, vikakosa njia ya kutoka, vikataga humo humo kama vimelipia chumba. Sasa mbegu ya kichwa bapa ilibaki nusu kifuniko.

Koko alikuwa amekaa mlangoni, ananiangalia ninavyohangaika. Akasema, "Chukua ile yangu."

Ile yake ilikuwa mpya, nyeupe, mama aliipata walipozigawa mtaani, kartye nzima. Mama mwenyewe aliipigilia misumari minne juu ya kitanda cha koko, kabla hajafunga ya kwetu wengine. Lakini koko aliichukia tangu siku ya kwanza.

"Nikilala mule naona sawa munanizika," alisema. "Batu banafungiwaka nguo nyeupe ivi siku moja tu. Minye siku yangu haiyafika. Itoshe pale juu. Mama yako asijue."

Ningependa kuandika kwamba nilisita. Sikusita. Nilifurahi kama siku ya Noeli. Nilimpa mkono, tukacheka kama wezi wawili, nikaipandisha juu ya matao ya matete, nikafukia pembeni kwa udongo. Mama akiondoka asubuhi na mapema kwenda Kalundu kununua ndagala, na akirudi amechoka, aliona kitu cheupe bustanini, akadhani ni kile cha banda la kuku. Chumbani kwa koko ni giza, haingii na taa. Na koko alikuwa akisema "nimelala muzuri", kila siku, na kunikonyeza.

Miche ikapendeza! Chini ya mustikeri jua lilikuwa limepoa, hakuna kipepeo, hakuna kiroboto. Pembeni niliweka nusu pipa la maji ya kumwagilia. Ndani yake kulikuwa na vidudu vidogo vinavyojinyonganyonga, vinapanda, vinashuka. Nilivipenda. Nilikuwa navisalimia asubuhi: mumeamka? Sikujua kwamba navifuga. Au nilijua, tulifundishwa shule ya msingi kwamba mbu anazaa majini, lakini vitu vingine mtu anavijua kwenye daftari tu.

Wiki tatu baadaye, kikombe kikaanza kugonga ukuta.

Jirani alikimbia kutafuta moto ya kukodi. Dereva akasema mgonjwa namna hii hawezi kukaa, ataanguka. Basi nilipanda mimi, wakamweka koko nyuma yangu, jirani akatufunga pamoja kwa kitenge, fundo likaja kifuani mwangu kama ninambeba mtoto. Barabara ile ina mashimo na mawe yaliyoachwa na mto. Kichwa cha koko kilikuwa kinagonga bega langu. Alikuwa moto, jasho langu na lake vilikuwa kitu kimoja. Nilihisi moyo wake mgongoni kwangu, unakwenda mbio mbio, unasimama kidogo, unakwenda tena. Kila uliposimama, mimi pia niliacha kupumua. Niliogopa kugeuka. Nilijiambia, nikigeuka nitaona. Nisipogeuka bado yuko.

Kwenye kituo cha afya walimtoboa kidole. Muganga, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, aliangalia, akasema malaria, tena nyingi, na kwa mtu wa umri ule, mwenye kutoka baridi, damu haiijui. Hakusema atapona, wala hakusema hatapona. Alitundika chupa ya seramu tu, akapiga sindano, akaandika. Nilimwangalia mdomo nikitafuta neno lingine. Halikuja.

Mama alifika kutoka Kalundu na beseni lake bado, kitenge kinanuka samaki, kiatu kimoja kimekatika. Muganga akamwuliza, "Koko analalaka mu mustikeri?"

"Ndiyo!" mama akajibu haraka, kama mwanafunzi anayelijua jibu. "Mupya kabisa. Minye mwenyewe nilipigilia misumari."

Muganga akaandika. Mimi nilikuwa nimesimama kati yao. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Nikaufunga.

Tangu hapo hofu yangu ikawa mbili, na zilikuwa zinashindana. Ya kwanza: koko atakufa. Ya pili: koko atakufa na ni mimi. Nilikaa kando ya kitanda chake kwenye mkeka, natazama matone ya seramu. Tone likikawia nilikuwa nashika chuma cha kitanda. Mchana wa kwanza hakunijua. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, akaniambia nigeuze majani niangalie chini, mayai yako chini, siku zote yako chini. Nilimwambia ndiyo, nimegeuza. Siku ya pili mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai, muganga akautazama muda mrefu. Niliutazama uso wa muganga muda mrefu zaidi. Kila mara kitanda cha pembeni kilipotikisika, mtu akigeuka tu, mimi nilisikia kikombe.

Nilimwomba Mungu kwa namna ya kijinga. Nilimwambia achukue mashu yote. Halafu nikaona aibu, kwani mashu ni zawadi gani mbele yake, tena ya kichwa bapa isiyofunga.

Siku ya tatu, karibu adhuhuri, koko akafungua macho na macho yakawa yake. Akanitafuta.

"Mashu iko je?"

"Iko muzima, koko. Jirani anaimwagilia maji."

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, yeye aliyekuwa akimfokea hata jogoo:

"Na minye?"

Nililowesha kitambaa nikamwekea mdomoni, na yeye akanitazama tu, hanikonyezi. Nilielewa kwamba naye anaogopa. Mpaka siku ile nilidhani watu wazee wamemaliza kuogopa.

Nikatoka nje. Uani, penye bomba, wanawake wanaouguza wagonjwa hufua na kupika. Mama alikuwa pale, ameinama juu ya beseni, anasuuza shuka la koko, na anaongea. Mama yangu akiwa na hofu anaongea.

"Bananidanganya na mustikeri yabo! Mupya! Nimefunga mwenyewe, na ona sasa. Iko bure ile, hamuna dawa mule. Nguo tu ya kutega samaki."

Mwanamke mmoja kijana, mtoto amelala mgongoni, alikuwa anamsikiliza sana. Akasema, "Kweli, mama? Basi ile yangu nitaiuzisha. Kuna mutu anaitaka."

Mtoto wake alikuwa na nyayo mbili ndogo zinazotokea pande zote za kiuno. Nilizitazama nyayo zile. Nikaona kwamba hofu yangu ilikuwa inataka kuongezeka iwe tatu, na ya tatu ina nyayo.

"Mama," nikasema. "Haikukuwa juu ya kitanda."

"Nini?"

"Mustikeri. Iko ku bustani. Juu ya mashu. Tangu wiki tatu. Koko aliikataa, nami nikaitosha ku misumari."

Bomba lilikuwa linamwagika. Hakuna aliyelifunga. Mama alishika shuka mikononi, maji yanamtiririka mpaka kwenye viwiko. Nilingoja anipige. Kwetu mtu hawi mkubwa mno kwa kupigwa na mama yake, nilikuwa tayari, nilitaka hata. Hakunipiga. Aliniangalia kama mtu anayehesabu siku.

"Ile nyeupe," akasema. "Nilikuwa napita pale kila siku. Nikawa nasema, muone muana wangu, anatumikisha hata kitu ya kuku."

Akakamua shuka. Alilikamua mpaka nikadhani litachanika. Halafu akasema, bila kunigeukia, "Ambia huyu mama. Rudilia maneno yako mbele yake, asikie muzuri."

Nikarudia. Yule mama kijana alinisikiliza, akampandisha mtoto mgongoni, akasema polepole, "Haya. Sitaiuzisha." Hakunicheka. Wengine walinong'ona kitu juu ya mashu, mmoja akasema, "Mboga ya bei kweli!" na mwingine akamwambia anyamaze.

Alasiri muganga alisema joto limeshuka. Alisema pia tusifurahi upesi, tungoje kesho, maana linaweza kurudi. Lisiporudi, koko atakwenda nyumbani. Koko alikunywa uji vijiko vinne. Mama alimwambia muganga ukweli wa mustikeri, nikiwa nimesimama pale pale niliposimama siku ya kwanza. Muganga alichukua karatasi, akafuta, akaandika upya. Kisha akaniuliza kuhusu maji yanayosimama karibu na nyumba, nami nikamwambia habari za pipa, na vidudu. Sikumwambia kwamba nilikuwa navisalimia.

Mama akanipa ufunguo. "Enda nyumbani," akasema. "Unajua kazi yako."

Nilifika jua bado liko mbali na milima. Nyumba tupu ina sauti mbaya. Nilipita moja kwa moja nyuma. Kwanza nilisukuma pipa, likaanguka, maji yakatawanyika na wale wachezaji wangu wakabaki juu ya udongo, wanajinyonga, halafu hawajinyongi tena. Kisha nikachimbua pembeni, pale jirani alipofukia upya, nikainua mustikeri.

Miche ilikuwa mizuri. Hilo ndilo nililoshindwa kulivumilia. Ya kuchongoka ilikuwa imesimama imara, ya pakiti ina majani mazito yenye rangi ya moshi, na hata ile bapa ya koko, kumi na moja tu, ilikuwa hai. Kwenye ua wa matete vipepeo vitatu vyeupe vilikuwa vimekaa. Havikuruka. Vilijua kungoja.

Niliifua mustikeri kwenye beseni kwa sabuni kidogo, nikaianika kivulini chini ya paa. Ilipokauka, nikatafuta matundu yaliyotobolewa na matete, yalikuwa tisa, nikayashona. Nikavuta stuli, nikaifunga kwenye misumari minne. Kisha nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya: nikalala kwenye kitanda cha koko, nikaiacha inifunike.

Alikuwa amesema kweli. Nyeupe juu, nyeupe pembeni, mwanga unaingia umekufa. Bado ilikuwa na harufu ya udongo. Nilijikuta nimekunja mikono kifuani, na nikaishusha upesi. Nikawaza: kesho, Mungu akipenda, ataletwa mpaka hapa, ataiona, na atasema tena itoshe. Nami nitamjibu nini?

Nikaamka. Ndani ya mfuko wake aliotoka nao kule juu kulikuwa na kitenge chekundu kilichochakaa, alichokuwa akifungia mashu akipeleka sokoni. Nilikata ukanda mrefu pembeni, pale palipochanika tayari. Nikakaa mlangoni penye mwanga, nikaushona kwenye pindo la chini la mustikeri, kuzunguka kote, kwa uzi mweusi maana mwekundu sikuwa nao. Mishono haikunyooka. Lakini sanda haina pindo jekundu, hilo kila mtu anajua.

Nikakiondoa kikombe cha bati kwenye ubao, nikakiweka chini. Kisha nikachomeka mustikeri chini ya godoro, upande mmoja baada ya mwingine, pande zote nne, kitanda kikiwa bado kitupu.